Eabrashi Niliyoiharibu Mimi

Eabrashi ile, kifaa cha kupulizia rangi, niliiharibu mimi. Kwa miaka minne wenzangu katika karakana tunayochorea matatu hapa Nairobi waliamini kwamba aliyeiharibu ni kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu, na mimi niliwaacha waamini hivyo.

Usiku ilipoharibika, gari tulilokuwa tukilichora lilitakiwa barabarani alfajiri. Saa nane usiku nilikuwa bado namalizia macho ya mwanamuziki tuliyemchora ubavuni, kwa rangi iliyochanganywa na hadena. Rangi hiyo haingoji mtu: inashikana yenyewe ndani ya kifaa, na ikishakuwa ngumu thina haiiyeyushi tena. Kwa hiyo husafishwa papo hapo. Unamwaga masalio, unatia thina kikombeni, unaziba mdomo kwa kitambaa ili hewa irudi nyuma na kububujika, unapuliza mpaka thina itoke safi, kisha unachomoa sindano na kuifuta kuelekea nchani, taratibu. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha wengine. Usiku ule nilitia thina kidogo kikombeni, nikakiacha kifaa mezani, nikaenda kulala.

Asubuhi sindano ilikuwa imeganda ndani ya nozeli ambayo tundu lake ni milimita 0.3 tu. Nikaivuta kwa koleo. Ilipotoka, ncha ilikuwa imepinda. Nikaisukuma irudi hivyo hivyo, kwa haraka na hofu. Nilipoinua nozeli kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele.

Mwenye karakana alipouliza nani ameharibu, nilijibu, "Muulize huyu, usafi ni kazi yake." Ni kweli ufagio ulikuwa wake, lakini eabrashi hakuwahi kuishika usiku ule, alikuwa amelala kwao. Aliniangalia mara moja tu. Alikuwa akiniita mwalimu, na nadhani aliona aibu kunikana mbele ya watu. Alikatwa pesa wiki tatu mfululizo, na mwezi uliofuata hakurudi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Hilo linaniuma kuliko bei ya nozeli.

Juzi nilimweleza mwenye karakana ukweli wote, wenzangu wakisikia. Kisha nikatafuta namba ya kijana, nikamwandikia kisa chote, nikamtumia fedha alizokatwa. Zimepokelewa. Jibu sijapata.