Vitabu vya Kikosi cha Ndege

Vita ina makelele mengi, lakini vitabu vyake ni kimya. Tulipoanza kusoma vitabu vya vikosi vya ndege vya Waingereza, vya wakati wa vita ya 1939 hadi 1945, tulitazamia kukuta moto na damu. Tulikuta kazi ya karani: tarehe, namba ya ndege, majina ya watu, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maneno machache juu ya kazi iliyofanyika.

Kila kikosi kilipaswa kuandika hivyo. Karatasi zilikuwa za namna mbili. Ile namba 540 ilieleza habari za kikosi kwa jumla: mvua na ukungu, wageni waliofika, askari waliohamishwa. Ile namba 541 ilikuwa ya safari zenyewe. Karatasi hizo zimehifadhiwa huko Kew, London, katika nyumba ya hati za taifa, na nyingi zimepigwa picha, hata mtu aliye mbali aweza kuzisoma kwa intaneti. (Na Afrika pia iliona mambo hayo: kikosi namba 349, cha Wabelgiji, kiliundwa Ikeja karibu na Lagos mwezi wa Novemba 1942, kabla ya kuhamia Uingereza mwaka uliofuata.)

Tutazame usiku mmoja tu, ule wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943. Kikosi namba 617 kilikuwa kimeundwa Scampton miezi miwili hivi mbele. Ndege 19 za Lancaster ziliruka, kila moja na watu saba, jumla watu 133. Kazi yao ilikuwa kubomoa kuta za mabwawa ya Ujerumani kwa bomu lililoruka-ruka juu ya maji kama jiwe bapa ambalo watoto hulitupa mtoni. Ili bomu lifanye kazi, ndege ilipaswa kushuka mpaka mita 18 tu juu ya maji, usiku. Basi wakafunga taa mbili chini ya ndege. Miali yao ilipokutana juu ya maji, walijua kwamba kimo ni sawa. Akili ya namna hiyo tunaistaajabia, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Ukuta wa Möhne ulibomoka, na ule wa Eder. Ule wa Sorpe uliumizwa tu. Ndege nane hazikurudi.

Asubuhi karani alikuwa na majina 56 ya watu wasioonekana, na barua 56 zikaandikwa kwa jamaa zao. Kumbe watatu walikuwa hai, wameshikwa na Wajerumani. Wengine 53 walikuwa wamekufa. Lakini kitabu siku ile hakikuweza kuwatenga. Wote waliwekwa pamoja, na mahali pa saa ya kutua hapakuwa na saa ya kuandika. Tunawafikiri wale mama watatu, waliolia kama wenzao.

Na kuna watu ambao kitabu hakikuwajua kabisa. Maji ya Möhne yaliposhuka bondeni, yaliua watu kama 1300. Zaidi ya nusu yao walikuwa wageni: wafungwa wa vita na watu walioletwa kwa nguvu kufanya kazi, na kati yao wanawake wengi wa Ukraine na wa nchi nyingine za Wasovieti, waliofungiwa kambini karibu na Neheim. Hawakuwa adui za wale warusha ndege. Walikuwa watumwa wa adui yao. Hatumlaumu karani; yeye aliandika habari alizoletewa na watu waliopita juu, gizani, kwa mwendo mkali. Lakini atakayesoma kitabu hicho peke yake atafikiri kwamba usiku ule walikufa watu 53.

Zaidi ya kitabu cha kikosi, kila mrusha ndege alikuwa na kitabu chake mwenyewe, na mkubwa wake alikitia sahihi kila mwezi. Katika vikosi vya mabomu safari za kivita za usiku ziliandikwa kwa desturi kwa wino mwekundu. Wengi wa vijana hao hawakujaza kurasa zao: katika watu 125,000 hivi walioruka na vikosi vya mabomu vya Waingereza, 55,573 walikufa.

Vitabu vya wafu vilirudishwa serikalini, vikangoja jamaa waje kuvichukua. Wengine walikuja. Wengine hawakuja, ama kwa kutojua, ama kwa sababu mama alikwisha kufa, ama kwa sababu hakutaka kuuona tena ule mwandiko. Vikakaa kabatini miaka kama 15. Kisha, mnamo mwaka wa 1960, vile visivyodaiwa viliharibiwa, vikaachwa vichache tu viwe mfano. Twajua kwamba karatasi zinajaza nyumba, na makabati yana mwisho. Hata hivyo tunaona kwamba waliharakisha mno.

Kitabu cha Guy Gibson, aliyekuwa mkubwa wa kikosi namba 617, ni kimoja cha vile vilivyobaki. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 19 Septemba 1944, ndege yake ilipoanguka Steenbergen katika Uholanzi. Alikuwa na miaka 26.