Wikiendi ya zamu, kaisari na daftari



Najua nimepotea sana humu. Wengine mmeshaanza kunitania eti maboksi yamenizidi. Haya, leo nimerudi.

Wikiendi hii nilipangiwa zamu ya asubuhi siku zote mbili. Naamka saa kumi na nusu, nawahi basi, saa moja kamili tunakabidhiana wodi. Hapa Leeds Desemba jua linachomoza saa mbili na ushee, kwa hiyo naingia na giza, na nikitoka saa tisa na nusu nalo jua linaaga. Siku nzima sijaliona!

Sasa mtacheka. Kwenye basi nasoma falsafa. Kitabu nilikipata duka la mitumba kwa pauni moja, cha Marcus Aurelius, kaisari wa Roma aliyefariki mwaka 180. Alifuata mafundisho ya Wastoiko, wale wale ambao Paulo alikutana nao Athene. Nilidhani nitasinzia. Kumbe sehemu ya tano inaanza na yeye akijihimiza kutoka kitandani asubuhi! Kaisari mzima, hana basi la kuwahi, na blanketi limemshinda. Nilicheka mpaka mzee wa siti ya mbele akageuka.

Kilichonishika zaidi ni kwamba hakuwa anamwandikia mtu. Alijiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani upande wa mto Danube, miaka ambayo tauni ilipita kwenye dola yake na watoto wake wengi alishawazika. Hakuwa na wa kumpamba wala wa kumficha.

Basi jioni hii nimetoa daftari nikajaribu na mimi. Jana wodini alifariki bibi mmoja, hata chai hatujanywa. Ndugu zake wako mbali. Nilimshika mkono mpaka mwisho, kisha mimi na mwenzangu tukamwosha, nikamchana nywele. Nikaanza kuandika habari zake, mara kalamu ikahamia kwa shangazi.

Wapendwa, Machi mwaka jana shangazi alipofariki niliwaambia nimenyimwa likizo. Si kweli. Likizo niliomba nikapewa, siku tano. Nauli ndiyo haikuwepo. Nilikuwa nimetoka kulipia viza na ada ya mdogo wetu, kwenye akaunti zimebaki pauni 80. Niliona aibu kusema, maana huko mnajua Ulaya fedha zipo. Nikaona afadhali mumlaumu bosi wangu.

Nimemwosha mama wa watu, na aliyenilea mimi ameoshwa na majirani.

Baba mdogo, najua ni wewe uliyekuwa unawajibu watu pale msibani kila waliponiulizia. Nisamehe. Na wewe dada, usimpigie mama usiku huu kumweleza, nitampigia mwenyewe kesho, nina mapumziko.

Nauli nimeanza kuweka. Agosti, Mungu akipenda, nije Muheza nilione kaburi. Msinitumie orodha ya viatu!