Mwajiri Mkatoliki na Meza ya Majadiliano

Mimi ni frateri, na dada yangu ni mhadhiri wa muda. Analipwa kwa vipindi. Bima hana, likizo yenye malipo hana, na kila muhula husubiri kama ataitwa tena. Huniambia, "Mdogo wangu, ukienda peke yako kudai, muhula ujao hupangiwi kipindi." Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana somo la Mafundisho Jamii ya Kanisa silisomi kwa ajili ya mtihani tu.

Mafundisho yenyewe yako wazi. Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Mwaka 1986 Maaskofu wa Marekani walisisitiza kwamba taasisi za Kanisa nazo zitambue haki ya watumishi wake kujiunga na vyama na kujadiliana kwa pamoja na mwajiri. Ugumu huja pale mwajiri anapokuwa sisi wenyewe.

Tutazame Chuo Kikuu cha Duquesne, mjini Pittsburgh, kilichoanzishwa mwaka 1878 na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 2012 wahadhiri wa muda pale walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chuo kilipinga, kikisema chombo cha serikali kinachosimamia mahusiano kazini hakina mamlaka juu ya taasisi ya dini. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani mjini Washington ilikipa chuo ushindi.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Serikali ikianza kupima ni mwalimu gani ana kazi ya kidini na yupi hana, uhuru wa Kanisa unaguswa. Lakini hukumu ile inaiondoa serikali mezani, haimwondoi mhadhiri. Chuo Kikuu cha Georgetown, cha Wajesuiti, kilionyesha njia nyingine. Mwaka 2013 wahadhiri wake wa muda walipopiga kura kama hiyo, uongozi haukuwapinga, kwa kufuata sera yake wenyewe ya ajira ya haki. Wakakaa, wakajadiliana, wakafunga mkataba. Chuo kimebaki cha Kikatoliki.

Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawadai wasimamizi wa mali za Kanisa walipe ujira wa haki, unaomwezesha mfanyakazi kujitunza pamoja na jamaa yake. Ujira huo utajulikanaje bila kumsikiliza anayeupokea?

Mafrateri wenzangu, tukijaliwa daraja, baadhi yetu tutakabidhiwa shule, hospitali, hata vyuo. Siku watumishi watakapoleta barua ya kuomba mazungumzo, tutaweza kumwita wakili au kuwavutia viti. Nanyi waamini mlio katika bodi za taasisi zetu, msisubiri barua hiyo. Ulizeni leo: wanaofundisha hapa, nani anawasemea?