Kalipa Nyekundu Zafika Bariadi

"Kaka, hili gari lina mbio kuliko breki."

Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti wa mdogo wangu kutoka Somanda, mjini Bariadi. Mimi nilikuwa kwenye treni, natoka kazini Köln. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na Subaru Forester yake ya turbo ya mwaka 1999. Singida kapita salama, akaanza kuteremka Sekenke nyuma ya lori la mizigo. Katikati ya mteremko kanyagio la breki likalegea, kama anakanyaga sponji. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akafika bondeni shati limelowa. Baada ya ujumbe ikafuata picha ya kalipa nyekundu za pistoni nne. "Nitafutie hizi. Zinaingia kwenye gari langu bila kuchomelea kitu."

Hapo alisema kweli. Kalipa za pistoni nne za Impreza za miaka ile hukaa kwenye matundu yaleyale ya bolti ya Forester yake, mradi ubadilishe na diski, kutoka milimita 277 hadi 294, na rimu iwe ya inchi 16 kwenda juu. Nami nilikuwa mtu wa kuulizwa: mwaka uliotangulia nilikuwa nimefunga breki kubwa kwenye Impreza yangu hapa Ujerumani. Kwa hiyo nimeifanya kazi hiyohiyo mara mbili, katika nchi mbili, na somo nililolipata silo nililolitarajia.

Nianze na huku. Kufungua gari barabarani mbele ya nyumba ya kupanga ni kujitafutia ugomvi na majirani na manispaa pia. Wapenda magari wasio na gereji hukodi nafasi kwenye karakana za kujihudumia: unalipa kwa saa, mimi nililipa yuro 20 hivi, unapewa lifti ya kunyanyua gari, kabati la spana na mzee mmoja wa kukuangalia usijiue. Kazi yenyewe ilinichukua Jumamosi moja. Karatasi zilinichukua wiki tatu.

Sheria ya huku haikuruhusu kubadilisha breki ukanyamaza. Kifaa changu ilibidi kije na ripoti ya kitaalamu, Wajerumani huiita Teilegutachten, inayotaja aina ya gari, kipenyo cha diski, namba iliyochongwa kwenye kalipa na rimu zinazokubalika. Ukishafunga, unalipeleka gari kwa mkaguzi wa TÜV au shirika jingine lenye kibali. Wangu alilala chini ya gari na tochi, akasoma namba moja moja akilinganisha na karatasi, akazungusha gurudumu kuona kama linagusa, kisha akaliweka gari juu ya mashine ya rola inayopima nguvu ya breki, kushoto na kulia. Baada ya hapo mabadiliko yanaandikwa kwenye kadi ya gari. Ukikwepa hatua hiyo, gari linaweza kupoteza kibali cha kutembea barabarani, na ukigonga mtu, kampuni ya bima itakuwa na maswali mengi kuliko polisi.

Waswahili wa huku tunapenda kuwacheka Wajerumani kwa mihuri yao. Lakini ukaguzi huu una historia ya damu. Mwaka 1865 boila ya kiwanda cha bia ililipuka mjini Mannheim. Mwaka uliofuata wenye viwanda wakaunda chama cha kukagua boila zao wenyewe kabla hazijaua tena. Vyama vya aina hiyo ndivyo vilivyokuja kuwa TÜV. Na hata usipogusa kitu chochote, gari dogo la kawaida hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, likiwa jipya miaka mitatu ya kwanza. Mkaguzi haulizi kama breki zako ni nyekundu. Anatazama mipira, mabomba, diski, matairi: vitu vidogo ambavyo hakuna mtu huvipiga picha.

Julai nikapanda ndege na kalipa mbili, mipira mipya ya breki na boksi moja la pedi. Diski tulizipata Dar es Salaam. Nilipofika, mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa kwenye pamba: malori yamejaa marobota, bodaboda zinapita katikati yake, na jioni ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, kama wenye nchi.

Gereji aliyonipeleka mdogo wangu ni mwarobaini mmoja mkubwa kandokando ya barabara ya kwenda Maswa. Haina ukuta wala kibao, ni moja ya zile watu wa mjini huita gereji bubu. Fundi wake ni mzee wa miaka sitini na kitu, alianza kama saidia fundi Mwanza enzi za Peugeot 504. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaitikia, akaipokea kalipa, akaipima mkononi, akaigeuza, akanusa pedi. Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza, "Rimu itapita?"

Huku Ulaya mimi nilichapisha mchoro wa kalipa, nikaukata kwenye kadibodi na kuuingiza ndani ya rimu. Mzee alimtuma kijana wake kuleta udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata viatu vyetu wakati wa masika. Akafunga kalipa kwa muda, akabandika vidonge vya udongo juu yake, akarudisha gurudumu, akalizungusha taratibu kwa mkono. Alipolitoa, udongo ulikuwa umebanwa ukabaki na unene wa kama milimita tano pale palipokaribiana zaidi. "Itapita," akasema. Kadibodi yangu haikuwahi kunipa jibu la wazi hivyo.

Kisha nikaomba kufunga upande wa kulia mwenyewe. Nilitaka, nikiri tu, kuonyesha ujuzi wa Ujerumani. Nikaweka diski, nikakunja kidogo bati la kukinga vumbi lisiguse, nikakaza bolti, nikafunga mpira. Mzee alikuwa anakunywa uji. Akatazama mara moja tu. "Mwanangu, upepo hupanda juu au hushuka chini?" Nikaangalia. Nilikuwa nimebadilisha kalipa, ya kushoto nimeiweka kulia, na ile nati ndogo ya kutolea upepo ilikuwa imeelekea chini. Ungekanyaga mpaka kesho, hewa ingebaki imenaswa juu na kanyagio lisingekuwa gumu hata siku moja. Nikafungua nikiwa kimya, vijana wakicheka kwa adabu.

Tena nilikuwa nimesahau washa za shaba zinazokaa pande mbili za bolti ya mpira wa breki. Köln ningetembea dakika kumi dukani. Mzee alizichukua za zamani, akaziweka kwenye makaa ya jiko mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Shaba ikichomwa hivyo hurudi kuwa laini, ikakubali kubanwa na kuziba upya. Washa mpya ni bora zaidi, naye alisema hivyo. Lakini zile hazikuvuja.

Sasa niseme na yale yasiyopendeza, maana sikuja kuimba sifa za nyumbani. Gari lilinyanyuliwa kwa jeki moja na gogo. Nilikataa kuingia chini mpaka tukaazima stendi mbili za chuma. Nati za magurudumu kijana alizikaza kwa kusimama juu ya spana na kurukaruka, upande mmoja zimekazwa kupita kiasi, upande mwingine hujui. Spana inayopima nguvu ya kukaza, ile inayolia "tak" ukifikia kipimo, hakuwa nayo, na bolti za kalipa ni za kukazwa kwa kipimo cha kitabu, si kwa uzito wa kijana aliyeshiba. Na mafuta ya breki yalitoka kwenye chupa iliyokaa wazi juu ya rafu, sijui tangu lini.

Chupa hiyo ndiyo iliyofumbua fumbo la Sekenke.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya kabisa kiwango chake ni isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa fikiria joto lenyewe: gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa, ukilisimamisha mara moja, breki zimepokea joto la kutosha kuchemsha maji zaidi ya lita moja na nusu. Kwa kilomita 50 ni robo tu ya hapo. Kwenye mteremko mrefu hulisimamishi mara moja, unalishikilia dakika nzima na nyingine tena. Mafuta ya zamani yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo ile sponji. Tulipofungua nati ya kwanza, mafuta yaliyotoka kwenye Forester yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mdogo wangu alilinunua gari miaka minne kabla, na hakukumbuka kuyabadilisha hata mara moja.

Nikamtuma mtu Mwanza alete DOT 4 iliyofungwa. Tukarudia kazi kesho yake, mzee chini na mpira wa dripu umechomekwa kwenye chupa ya maji, mdogo wangu kwenye usukani: "Kanyaga! Shikilia! ... Achia." Mpaka mapovu yakaisha.

Alfajiri tukaelekea Dutwa kuzoesha pedi mpya: kutoka kilomita 80 hadi kama 20, bila kusimama kabisa, mara kumi, halafu kutembea polepole zipoe. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi ni lami nzuri, na saa hiyo ng'ombe walikuwa bado zizini. Mwisho mdogo wangu akakanyaga kwa nguvu zote. Gari likasimama, ABS ikatetemesha kanyagio. Akanigeukia. "Kaka, mbona sioni tofauti?"

Hakuona kwa sababu kwenye kukanyaga mara moja tofauti ni ndogo. Hata breki za zamani zilikuwa na nguvu ya kufikia mwisho wa mshiko wa matairi, kabla ABS haijaingilia. Kalipa kubwa na diski pana huvumilia joto: ukikanyaga mara ya kumi huwa kama mara ya kwanza. Zina maana kwenye mzunguko wa Nürburgring wenye kilomita karibu 21 za kona na miteremko, ambako vijana wa huku hulipia kukimbiza magari yao. Zina maana kwenye miteremko ya Sekenke na Kitonga. Simiyu yetu tambarare haizidai.

Nikashuka kutazama matairi. Ubavuni, mwisho wa mfuatano unaoanza na herufi DOT, kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yake yalisomeka 3409. Matairi ya mtumba, yana kashata nzuri bado, lakini mpira umekuwa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Breki husimamisha magurudumu. Matairi ndiyo husimamisha gari.

Alinunua mapya manne Mwanza wiki hiyo, kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya rimu za inchi 17. Tukarudi barabara ileile, saa ileile. Safari hii hakuniuliza kitu.

Ukinibana niseme wapi wanafanya vizuri zaidi, nitasema hivi. Yule mzee wa chini ya mwarobaini anaijua breki kuliko mimi, na kuliko wengi niliowaona karakana ya Köln. Lakini Ujerumani haimtegemei mtu mmoja mwenye jicho zuri. Kila miaka miwili gari lazima lipite mbele ya mtu ambaye hajali sura yake. Forester ya mdogo wangu, tangu ameinunua, haijawahi kukanyaga rola ya kupimia breki. Na boksi la pedi likiwa na herufi E ndani ya duara na alama 90R, maana yake pedi hizo zimepimwa na zinafanya kazi karibu sawa na za kiwandani. Madukani kwetu nilishikishwa maboksi yenye majina makubwa yasiyo na alama yoyote, na muuzaji akaniapia kwa mama yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa ughaibuni, mdogo wako akikutumia picha ya kalipa nyekundu, muulize kwanza mambo matatu: mafuta ya breki yalibadilishwa lini, matairi yana namba gani, na pedi zilitoka wapi. Majibu yakiwa mazuri, mnunulie kalipa, na uweke boksi mbili za pedi za akiba, kwa sababu za pistoni nne hatazikuta Bariadi kirahisi. Na kama begi lina nafasi moja tu, usibebe kalipa. Beba spana ya kipimo, umpelekee fundi wake. Itakaza breki za gari la mdogo wako, na za magari yote yatakayoegeshwa chini ya mwarobaini ule baada yake.