Gari la Lami Laingia Mchangani

Wako wenye magari wengi wadhanio kwamba gari likiisha kuoshwa, likang'aa, na injini yake ikaunguruma pasipo kusita, basi limekuwa tayari kwa safari yo yote. Mwalimu mmoja wa Mocímboa da Praia, ambaye alikwisha kuacha chaki na ubao na kukalia meza katika ofisi ya elimu ya wilaya, alikuwa miongoni mwao hadi Septemba 2015.

Mwezi huo alikuwa na umri wa wiki tano katika kumiliki gari. Lilikuwa Toyota Corolla jeupe, lililokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kuuzwa ng'ambo, naye alilinunua Nampula kwa akiba ya miaka sita. Nusu ya akiba hiyo ilikuwa ya mkewe, aliyekuwa akishona nguo na kuziuza sokoni, na jambo hili yafaa likumbukwe kwa kuwa mke mwenyewe hakulisahau. Tangu gari lifike halikuwa limekanyaga mchanga ila ule wa uani. Kazi yake ilikuwa kwenda ofisini, kurudi, na siku ya Ijumaa kuegeshwa kivulini ili jirani walione.

Ndipo habari ikaja kutoka Palma. Mama mkwe wake, aliyekuwa amefungwa macho yote mawili na ugonjwa wa mtoto wa jicho, alitakiwa afike hospitali ya Mocímboa da Praia siku ya Jumanne ili apasuliwe. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita kama 80. Siku hizo barabara ilikuwa ya udongo, na mahali pengi ilikuwa mchanga mtupu uliochimbwa na malori hata ukawa na mifereji miwili yenye tuta katikati. Abiria wengi walisafiri nyuma ya magari ya mizigo, wamesimama, wameshikana mabega juani. Mke alisema neno moja tu: "Mume wangu, mama hatapanda chapa. Gari tunalo."

Mwalimu alifurahi kuliko ilivyompasa. Alikuwa amelelewa upande wa Mtwara, wazazi wake walikokimbilia wakati wa vita vile vilivyokwisha mwaka 1992, na kila Pasaka alikuwa akitega sikio redioni kusikiliza habari za mashindano ya Safari. Majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta aliyajua kabla hajajua jedwali la saba. Sasa akajiona naye yumo katika msafara, vumbi nyuma yake, watoto wakipunga mikono kandokando ya mikorosho.

Alikwenda kwa fundi kijana aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Fundi huyo alimwandikia karatasi ya mahitaji: rimu za aluminiamu, matairi mapana yenye ubavu mwembamba, taa mbili kubwa za mbele, na honi yenye sauti tatu. Jumla yake ilikaribia bei ya bati za kuezekea nusu ya nyumba, na bati ndizo zilizokuwa zikingojewa na mke. Mama huyo aliisoma karatasi kwa utulivu, akairudisha, akauliza breki zimeandikwa mstari wa ngapi. Hazikuwamo.

Jioni ile Mwalimu alivuka ua kwenda kwa mzee mmoja jirani, askari mstaafu, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi miaka mingi katika njia za bara na za pwani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na karatasi, naona."

Mwalimu akamsomea. Kisha, ili kuonyesha kwamba hayo si mambo ya ovyo, akamsimulia Safari: jinsi ilivyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jinsi ilivyokuwa sharti kwamba magari yawe kama yalivyotoka dukani. Akamweleza habari za mwaka 1963, walipoondoka 84 wakamaliza saba, na za mwaka 1968, walipoondoka 93 wakamaliza saba vile vile, na mara zote mbili mbele walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo watu wengine walikuwa wakipelekea watoto shuleni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Na hao saba waliorudi," akauliza, "walikuwa na honi za sauti ngapi?"

Hapana budi kusema kwamba swali hilo lilimwuma Mwalimu, kwani jibu alilijua. Joginder Singh alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Volvo PV544 aliyoshinda nayo mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant haikuwa mpya, ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano mengine. Ushindi wa namna ile ulianzia chini ya gari, mtu akiwa amelala chali na spana mkononi.

Kesho yake wazee kwa vijana wakalala chali. Magurudumu yalivuliwa yote manne. Vipande vya breki vya mbele vilikuwa vimelika vikabaki vyembamba kama ganda la kifuu, na mpira mmoja wa kupitishia mafuta ya breki ulikuwa na nyufa ndogondogo. Mafuta yenyewe, ambayo yakiwa mapya huwa na rangi ya chai hafifu, yalikuwa meusi. Mzee aliamuru yamwagwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, na pwani unyevu haukosekani. Yakiisha kuingiwa na maji huchemka kwa joto dogo kuliko yalipokuwa mapya. Dereva akishika breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo, mvuke hutokea ndani ya mabomba, na pedali hushuka hadi sakafuni gari lisisimame. Ndiyo maana hata huko ng'ambo, ambako mwenye gari la kawaida huweza kulipa ada akalikimbiza siku moja katika uwanja wa mashindano, mafuta ya breki ni katika mambo ya kwanza kubadilishwa, kabla mtu hajafikiria kuongeza nguvu za injini.

Matairi mapana yenye ubavu mwembamba yalikataliwa kwa sababu iliyo rahisi. Mchangani tairi hupunguzwa upepo ili litanuke na kuelea. Tairi lisilo na ubavu halina cha kutanua, na rimu yake hupigwa na kila kisiki. Wakachagua matairi ya kawaida yenye ubavu mnene, mawili mapya na mawili yaliyokuwapo. Rejeta ilitolewa ikasukumwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, yakatoka makumbi ya mbegu na mabawa ya panzi. Mkanda wa feni na mipira ya maji ilikaguliwa, betri ikafungwa imara. Chini ya injini walifunga bamba la chuma lililokatwa katika pipa, wakaacha nafasi ya hewa na tundu la kumwagia oili. Fundi kijana, ambaye alikuja kutazama karatasi yake imekuwaje, alibaki akafanya kazi siku mbili, na kwa haki isemwe kwamba kulehemu alijua.

Fedha iliyotumika ilikuwa chini ya theluthi ya ile ya karatasi. Mke alinunua bati kumi na mbili.

Lililobaki lilikuwa dereva mwenyewe, na hapa ndipo mzee alipokuwa mkali. Alfajiri ya Jumamosi walikwenda nyuma ya uwanja wa mpira, penye mchanga mzito. Mwalimu aliingia kwa kishindo, kama alivyowaza Mehta angeingia. Baada ya mita thelathini gari lilizama hata bamba likalala juu ya mchanga. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, shimo likaongezeka. Mzee alikaa juu ya gogo akamwacha achimbe peke yake kwa beleshi, muda wa nusu saa.

Kisha akafundisha. Upepo wa matairi ulishushwa kutoka paundi 30 hadi 18. Gari likiwa hivyo haliendeshwi mbio wala halikatwi kona kwa ghafla, tairi lisije likatoka katika rimu, na likifika ardhi ngumu hurudishiwa upepo, la sivyo ubavu hupata moto na kupasuka. Mchangani dereva hatii breki akitaka kusimama. Huondoa mguu, gari likatulia lenyewe, kwa maana breki hujenga kilima kidogo mbele ya kila gurudumu, na kuondoka hapo ni taabu. Akihisi gari linazama hasubiri lifike chini: hurudi nyuma katika mapito yake mwenyewe, akajaribu tena. Jeki huhitaji kibao chini yake, kwani bila kibao jeki ndiyo itakayoshuka, si gari litakalopanda. Hadi jua linachomoza Mwalimu alikuwa amevuka mara nne, kwa mwendo ambao mtoto mwenye baiskeli angemzidi.

Aliondoka Jumapili, akiwa na mkewe, beleshi, kibao, pampu ya mguu, madumu mawili ya maji, na hakuna kingine. Kila kilichokuwa kikilegea ndani ya gari kilikuwa kimeshushwa, hata sanduku la vitabu vya ofisi. Safari ilichukua saa nne. Mara moja walinasa, kwa sababu walisimama nyuma ya chapa iliyokuwa imesimama kwenye mwinuko, wakatokea kwa kutandaza makuti chini ya magurudumu. Mara moja sindano ya joto ilipanda. Walisimama gari likitazama upepo, wakaondoa makapi yaliyoziba uso wa rejeta, wakangoja. Palma waliiona jioni, minazi yake kwanza na bahari baadaye.

Mama mkwe alikuwa binti wa wavuvi. Alipoambiwa kwamba wataondoka saa tatu asubuhi baada ya chai, alikataa. "Mkwe wangu, tuondoke na umande. Mchanga ukiwa na maji kidogo hushikamana. Ukikauka hutiririka." Wakaondoka Jumatatu kabla ya mwanga, na ni kweli kwamba mahali palipokuwa pamewatesa jana walipita kama juu ya mkeka.

Huyu mama asiyeona ndiye aliyeliokoa gari. Walipokuwa wamekwisha kupita nusu ya njia, mahali ambapo nyasi kavu zilikuwa zimeota juu ya tuta la katikati, alishika mkono wa binti yake. "Nasikia harufu ya majani yanaungua." Wenzake hawakusikia kitu. Mwalimu angeweza kuendelea, maana kusimama mchangani alikuogopa, lakini adabu ya mkwe ilimzuia kubisha. Aliliacha gari litulie lenyewe, akainama. Bamba la chuma lilikuwa limekusanya fungu la nyasi, nazo zilikuwa zimejikunja kuzunguka bomba la moshi na zimeanza kuwa nyeusi. Walizivuta kwa kijiti, wakamwaga maji dumu zima. Mzee askari alikuwa ametaja mambo mengi, ila hilo hakulitaja. Bamba alilolifikiria yeye ndilo lililozishika nyasi.

Karibu na Mocímboa da Praia ardhi ikawa ngumu. Mwalimu alipiga pampu magurudumu yote manne, jasho likimtoka, kisha akaruhusu mwendo wa kilomita 60. Mtoto mwenye baiskeli, amefunga madumu ya maji pande mbili, alitokea kichakani akakata njia. Pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu, ikashika. Gari lilisimama dumu likiwa mita mbili mbele ya boneti. Mtoto alitazama, akapanda tena, akaenda zake. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka walipofika nyumbani. Hapo mke alishuka, akakagua uso wa mumewe, akaingia ndani kupika.

Jumanne mama alikuwa hospitali. Bandeji zilipoondolewa alitolewa nje akiongozwa, akasimama mbele ya Corolla, akaitazama kwa muda.

"Kumbe ni dogo hivi?" akasema.

Mji huo ulishambuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017, ukaingiwa tena tarehe 23 Machi 2020. Siku chache baadaye gari lile lile liliondoka na watu tisa, mama mkwe mbele na mjukuu magotini mwake, ili liwafikishe Pemba. Usiku wa kuamkia safari Mwalimu alilala chali uani kwa mwanga wa tochi, akatazama mipira ya breki, akavuta nyasi zilizokuwamo juu ya bamba. Kibao cha jeki kiliachwa ili miguu ipate nafasi, beleshi likaenda. Bati kumi na mbili zilibaki juu ya nyumba, na Agosti mwaka huo huo mji wote ukatekwa, usirudi mikononi mwa serikali hadi Agosti 2021.

Corolla walifika nayo Pemba, na honi yake ilikuwa bado ile ile iliyotoka nayo Japani.