Datsun ya Mzee, na swali ambalo sikuuliza

Najua, najua... nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi mfululizo wa makala kuhusu hifadhidata, na sehemu ya pili haijaonekana mpaka leo. Sababu si kazi. Sababu ina magurudumu manne, na imenimalizia pesa, Jumamosi zangu zote na ngozi ya vidole.

Kwa hiyo leo hakuna kompyuta. (Sawa, kidogo tu pale mwishoni. Siwezi kujizuia.)

Nimekuwa nikiunda gari nyumbani, hapa Ruiru, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Wamarekani huyaita magari ya namna hii hotirodi. Mchezo huo ulikolea California miaka ya 1930. Vijana wasio na pesa walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kila kilichoongeza uzito, wakatia injini yenye nguvu zaidi, hasa ile ya V8 ambayo Ford ilianza kuiuza mwaka 1932. Kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Ukiondoa jangwa, hiyo ni jua kali mtupu: gari kuukuu, spea za gari jingine, na mtu asiyekubali kwamba kitu kimekufa.

Sisi hatuna Ford hizo. Na kwa sheria yetu, gari lililotumika likipitisha miaka 8 haliingii nchini, kwa hiyo anayetaka gari la zamani atafute yaliyokwisha kuwa humu. Mimi sikutafuta mbali. Lilikuwa nyumbani kwetu Thika, chini ya mparachichi, kuku wakilala ndani.

Ni Datsun 1200, pikapu. Baba aliinunua ikiwa imetumika, namba zake ni zile za kabla ya KAA. Siku za kazi ilibeba mboga kutoka Gatundu hadi soko la Thika, na Jumapili ilitubeba sisi watoto nyuma. Wakati huo kuwa na Datsun si jambo la kuonea haya. Edgar Herrmann alikuwa ameshinda Safari Rally mwaka 1970 na Datsun 1600 SSS, akarudia 1971 na 240Z. Shekhar Mehta naye akashinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979, zote kwa magari ya kampuni hiyohiyo. Pikapu yetu haikushinda kitu, lakini sisi kule nyuma tulijiona tuko kwenye mashindano.

Mwaka 2003 Baba aliiegesha chini ya mparachichi. "Injini imekufa," alimwambia Mama. Basi. Ikakaa hapo.

Mwaka jana Januari niliivuta hadi Ruiru. Majirani walicheka. Nikawajibu kwamba nchi iliyojaribu kujiundia gari lake, Nyayo Pioneer, ikalionyesha hadharani Kasarani mwaka 1990, haiwezi kunicheka mimi na pikapu moja.

Mpango ulikuwa rahisi. Injini ya asili ni A12, ya sisi 1171. Ndugu yake mkubwa ni A15, ya sisi 1488, ambayo Nissan iliitumia kwenye Vanette. Ukubwa unaongezeka kwa asilimia 27, na kwa kuwa ni za ukoo mmoja, huhitaji kukata chuma kingi. Niliipata moja kutoka Vanette iliyokuwa ikichinjwa spea, pamoja na karabureta na stata: shilingi 48,000. Ile A12 "iliyokufa" tuliing'oa bila hata kuifungua, tukaiweka pembeni juu ya tairi kuukuu.

Nasema "tuliing'oa" kwa sababu nina fundi. Ni mzee wa jua kali kutoka Thika, mji ambao umekuwa ukiunganisha magari tangu enzi za Leyland Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Watu waliojifunza chuma miaka ile bado wapo, na ukimpata mmoja mshike. Wangu alikuja kila Jumamosi. Ananiita "Injinia", na sina hakika kama ni heshima au ni kejeli.

Somo la kwanza lilinifika mapema. Bloku ya A15 ni ndefu kidogo kuliko ya A12, kwa hiyo chujio la hewa liligusa boneti. Nikaamua kukata tundu na kulifunika kwa kofia ya bati, kama magari ya California. Nikapima, nikachora, nikawasha grinda. Nilipofunga boneti, tundu lilikuwa sentimita nne upande wa kushoto! Nilisimama nikilitazama, na nawaapia kidole changu kilikuwa kikitafuta Ctrl+Z. Kiraka chake kipo hadi leo, mtakiona mkikutana nami barabarani.

Fundi hakucheka. Alisema tu, "Injinia, gari huanzia kwenye breki. Injini ni starehe."

Nilimsikia. Nikatoa hewa kwenye mfumo, nikatia mafuta mapya ya breki, nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, nzuri. Kwenye daftari langu nikaandika: BREKI, toleo lijalo. Wale mnaoandika programu mnajua maana ya maneno hayo.

Ikafika Jumapili moja ya Agosti. Nilimwalika Baba, akapanda matatu kutoka Thika, akaja na kofia yake. Alizunguka gari mara mbili, akagusa kiraka, hakusema neno. Kisha akauliza:

"Umebadilisha vitu vyote?"

"Vyote, Baba."

Akaingia, akaketi.

Sauti yake, jamani... Tulitoka kwenye mtaa, tukashika barabara ya murram inayoteremka kuelekea mtoni. Gia ya pili, ya tatu. Sindano ikasoma 60. Nilikuwa natabasamu kama mtoto. Hapo boda boda ikachomoka kutoka kichochoro cha kulia, imebeba mitungi miwili ya gesi.

Nikakanyaga. Pedali ilishika kwa nusu sekunde, kisha nikasikia kitu kikiachia, polepole tu, kama kamba kuukuu, na mguu wangu ukaenda hadi sakafuni. Nikapampu. Hewa tupu. Nilirudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Breki ya mkono hutumia waya na wala si mafuta, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mkia ukateleza, boda boda ikapita mbele yetu kwa nafasi ya kama mita moja, sisi tukaingia kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga.

Digadi ilikunjika. Mimi niligonga kidevu kwenye usukani. Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, kofia iko miguuni.

Tulitoka, tukaketi juu ya mchanga. Muda ukapita.

"Ilikuwa hivyohivyo," akasema.

"Nini?"

"Mwaka ule. Mteremko wa kutoka Gatundu. Wewe na dada zako mlikuwa nyuma."

Nikakumbuka siku hiyo, na hapa ndipo mwili uliponisisimka. Tunaikumbuka sote, na huwa tunaisimulia kama kichekesho: siku Baba alipoiacha barabara akaingiza gari kwenye shamba la watu la nyasi za ng'ombe, nyasi zikatupiga usoni, tukacheka hadi machozi. Naye akashuka akicheka, akatuambia alitaka kumletea ng'ombe chakula.

"Nisingeweza kumwambia mama yenu kwamba nimewateremsha mlimani bila breki," alisema. "Nikamwambia ni injini."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulisema umebadilisha vitu vyote."

Sikuwa na jibu. Baadaye sana, tukiwa tunavutwa kurudi nyumbani, nikauliza, "Kwa hiyo ile injini?"

"Injini haikuwa na shida."

Shilingi 48,000, wasomaji wangu!

Jumamosi iliyofuata Fundi alitoa bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta kwenye breki za nyuma. Lilikuwa limeliwa na kutu kutoka ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na maji hayo hula chuma mahali usipoweza kuona. Pedali ngumu haikuwa na maana yoyote, ilisubiri tu nikanyage kwa nguvu. Tena masta silinda yangu ilikuwa ya chumba kimoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki pamoja. Nami juu ya hayo nikaongeza injini! Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 60 hadi 90 unaona ni nusu tu imeongezeka, lakini kazi ya breki ni mara 2.25.

Haya ndiyo tuliyofanya, kwa yeyote mwenye gari la babake chini ya mti:

1. Mabomba yote mapya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiunge kipande.
2. Mipira yote ya breki mipya, hata inayoonekana mizima.
3. Masta silinda ya vyumba viwili, mbele na nyuma kila upande na chake.
4. Diski za mbele kutoka Datsun 120Y, badala ya ngoma.
5. Silinda ndogo na viatu vya breki vya nyuma, na waya mpya wa breki ya mkono.

Jumla 61,500. Zaidi ya injini. Na msisahau makaratasi: ukibadilisha injini, peleka gari likakaguliwe na namba mpya iingie kwenye rekodi za NTSA, na kampuni ya bima iarifiwe. Usipofanya hivyo, siku ya ajali utalipa mwenyewe.

Sasa lile la kompyuta nililoahidi. Kazini huwa tunarithi mifumo iliyozimwa zamani. Mtu anasema "seva ilikufa", nasi tunaamini, tunanunua seva mpya kubwa, tunawasha. Tunachunguza kama msimbo unafanya kazi. Hatumtafuti aliyezima tukamuuliza: siku ile uliona nini? Mimi nilikuwa na aliyezima, hai, umbali wa nauli ya matatu, na kwa miezi saba tuliongea kila wiki kuhusu gari hilo. Sikumuuliza hata mara moja. Na yeye alipouliza swali lake moja, nilimdanganya.

Lile toleo lijalo kwenye daftari langu lilikuwa karibu limuue mtu aliyekuwa akijitafutia riziki kwa mitungi ya gesi. Nimemwona mara mbili tangu siku hiyo. Yeye hanijui.

Na A12? Tulitia dizeli kidogo kwenye silinda, tukaiacha siku mbili, tukaizungusha kwa spana mpaka ikalegea. Plagi mpya, karabureta ikasafishwa, betri. Ikashika mara ya tatu, palepale juu ya tairi lake, ikinguruma na moshi wa buluu. Baba aliinama akaisikiliza kama mtu anayeongea na simu ya mbali.

Desemba tulikwenda Thika. Tulipofika karibu na Juja aliniambia niegeshe kando. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. Alikuwa hajaiendesha tangu 2003. Kabla ya kuondoka alikanyaga breki mara tatu gari likiwa limesimama, akanitazama, akakanyaga mara ya nne.

Tulikwenda kwa 50 upande wa kushoto hadi Thika, malori yakitupita. Sisi zote 1488 hazikupata nafasi ya kujionyesha hata kidogo.

Haya, nirudi kazini. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja wiki ijayo. Kweli kabisa.