Nyani wa Kilimambogo

Msafiri atokaye Thika kwa njia ya Garissa huuona mlima huu tangu mbali, umesimama peke yake katika nchi tambarare. Akikata kulia na kuvuka Mto Athi, karibu na Maporomoko Kumi na Manne, huwa ameingia Machakos. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Na jina la Kilimambogo latokana na mbogo wakaao msituni. Tangu mwaka 1967 mlima ni hifadhi ya taifa, tena ndogo, kilomita za mraba 20 hivi, nayo mashamba yako karibu nayo sana.

Mbogo huogopwa kwa ukali wake, lakini nyani ndiye amfikirishaye mkulima. Yeye haji kwa vishindo. Hukaa pembeni mwa msitu akitazama nani analinda. Mwanamume mwenye mbwa humkimbia. Mama aliye peke yake, au mtoto, humpita bila haraka. Sanamu ya matambara humtisha siku chache tu, mpaka atambue kwamba haitembei. Tena ana mifuko ndani ya mashavu yake, huijaza mahindi upesi, kisha huenda kula juu ya mti kwa raha. Mlinzi aliyekwenda kunywa chai hurudi akakuta mabua yamelala.

Wala si uovu. Porini nyani hutumia sehemu kubwa ya mchana akichimba mizizi na kuchuma mbegu. Shambani hushiba kwa muda mfupi. Jambo hili lilionekana wazi huko Kekopey, karibu na Gilgil, ambako mtaalamu wa Kimarekani, Shirley Strum, alianza kuchunguza nyani mwaka 1972. Wakulima walipohamia huko, nyani wengine waliendelea na chakula cha porini, wengine wakageukia mahindi, na kundi moja la wezi likaitwa Wabaya. Mwaka 1984 makundi matatu yalihamishwa mpaka Laikipia, nchi kavu wasiyoijua. Huko waliwatazama nyani wenyeji, wakajifunza mimea iliwayo.

Lakini kuhamisha nyani ni kazi ya gharama nyingi, na nchi tupu ya kuwapokea ni haba. Basi mkulima wa chini ya mlima hana budi kulinda. Mahindi yakikaribia kukomaa, lazima mtu awepo shambani mchana kutwa, na pasipo mtu mzima, mtoto huachishwa shule kwa siku hizo. Hasara hiyo haipimwi kwa magunia.

Faraja ni moja: nyani haibi usiku. Jua likishuka hupanda mitini au majabalini kulala, na mlinzi huenda nyumbani. Kesho yake itampasa kufika shambani kabla wao hawajateremka.